Safari ya Meli Wakati wa Kupukutika Majani: Matayarisho na Mizigo Yake

Katika zama hizi watoto wetu wengi wamehamia Amerika ya Kaskazini kwa masomo na kazi, na si ajabu tena mzee wa Mombasa au wa Unguja kupata habari kutoka kwa mwanawe aliyeko Boston au Toronto ya kwamba, "Baba, njoo na mama, tusafiri pamoja kwa meli." Meli hiyo si jahazi la pepo za musimu, wala si kama meli za abiria zilizokuwa zikipita pwani yetu zamani. Ni meli ya matembezi, mfano wa mji uendao juu ya maji, wenye vyumba vya kulala, kumbi za kulia na maduka. Usiku husafiri, na asubuhi aghalabu huamkia bandari nyingine.

Sisi tuliitika wito wa namna hiyo, tukasafiri katika mwezi wa Oktoba kutoka Boston mpaka Québec, siku saba majini. Tulikuwa watu watano: sisi na mama watoto, binti yetu na mumewe, na dada yetu mkubwa. Dada huyu ndiye aliyemlea binti yetu tangu utotoni, na walikuwa hawajaonana kwa muda wa miaka tisa. Ana maradhi ya sukari, na magoti yake hayampi tena ruhusa ya kwenda mbali. Alitoa akiba yake yote kwa ajili ya safari hii, naye mwenyewe alisema kuwa hatakuwa na nyingine. Kwa hiyo kila tulilolitayarisha, tulilitayarisha kwa kumtazama yeye. Twapenda kuwaeleza wasomaji wetu yale tuliyoyafanya, huenda yakamfaa mwenye nia kama yetu.

MAJIRA YENYEWE

Wenyeji wa huko wana majira manne kwa mwaka. Haya yaliyo baina ya joto na baridi kali, sisi watu wa pwani hatuna jina lake hasa, kwani vuli yetu ni mvua. Siku zipunguapo urefu na baridi ianzapo, mti huacha kutengeneza rangi ya kijani iliyomo katika majani yake. Kijani kikiondoka, umanjano uliokuwa umejificha chini yake hudhihirika, na katika baadhi ya miti wekundu hutengenezwa upya, khasa katika mti ule ambao jani lake limo katika bendera ya Kanada. Mti huo ndio utoao asali ya miti, na yapata lita 40 za utomvu wake huchemshwa mpaka ikapatikana lita 1 tu. Basi milima yote huwa kama zulia la rangi. Watu husafiri mbali kuja kuyatazama hayo, na wakati wake ni mfupi, tangu mwisho wa Septemba hadi katikati ya Oktoba au kupita kidogo.

Lakini yafaa ifahamike kuwa uzuri huo una gharama yake. Miezi hiyo imo ndani ya majira ya tufani za Bahari ya Atlantiki, ambayo huhesabiwa tangu Juni mosi hadi Novemba 30. Tufani iliyoitwa Juan iliupiga mji wa Halifax mwezi wa Septemba mwaka 2003, na nyingine iliyoitwa Fiona ikazipiga pwani hizo mwezi wa Septemba mwaka 2022. Nahodha aonapo hatari huiacha bandari na kwenda nyingine, na mkataba wa tikiti humpa haki hiyo. Kwa hiyo msafiri asiufunge moyo wake na bandari moja tu, wala asifike kwa ndege siku ile ile ya kuondoka meli. Sisi tulifika Boston siku mbili kabla, na dada yetu akapata kupumzika.

HATI NA FEDHA

Jambo la kwanza ni ruhusa ya kuingia nchi za watu. Meli nyingi za namna hii zimeandikishwa katika nchi za kigeni, na sheria ya Marekani ya mwaka 1886 haiziruhusu kuchukua abiria wa matembezi baina ya bandari za Marekani peke yake bila ya kufika ugenini. Ndiyo sababu hata safari ianzayo na kuishia Boston hupita Kanada. Basi mwenye pasipoti ya Kenya au ya Tanzania huhitaji viza za nchi mbili, na ikiwa atarudi alikotoka, aulize kama viza yake yamruhusu kuingia zaidi ya mara moja. Sharti hizi hubadilika, na aliyeruhusiwa mwaka jana huenda asiruhusiwe mwaka huu. Kwa hiyo aulizwe balozi mwenyewe, si jirani, na viza zipatikane kwanza ndipo tikiti ilipwe.

Jambo la pili ni fedha. Bei inayotangazwa aghalabu ni ya mtu mmoja katika chumba cha watu wawili. Alalaye peke yake huongezewa. Juu ya bei hiyo huja ushuru wa bandari, bakshishi ya watumishi inayohesabiwa kwa kila kichwa kila siku, ziara za nchi kavu, mtandao wa simu na vinywaji. Sisi tuliyaandika yote hayo kwenye karatasi moja kabla ya kukubali. Dada yetu alipouona ule mjumlisho, tulimtolea ziara mbili za gari ili apate kununua bima ya matibabu, kwa maana mganga wa melini halipwi kwa dua. Wala haifai mtu kukopa kwa riba ili akatazame majani, au kuondoka akiwa na deni la watu pasipo kuandika wasia wake.

MIZIGO

Vijana wetu hudhani kuwa safari ndefu yataka masanduku mengi. Sivyo. Chumba cha melini ni kidogo, na sanduku kubwa huwa mtu wa tatu chumbani. Katika bandari hizo mwezi wa Oktoba hali ya hewa mchana aghalabu huwa baina ya nyuzi 5 na 15, na upepo wa sitahani huipunguza zaidi. Dawa yake si koti moja zito, bali ni nguo nyepesi zilizovaliwa moja juu ya moja: fulana ya kubana mwili, sweta ya sufu, kisha koti lisilopenya maji wala upepo. Mwanamume aweza kuvaa kanzu yake juu ya suruali ya sufu, na mwanamke buibui lake juu ya sweta, wasione baridi. Ongeza soksi nene, glavu, kofia au mtandio wa sufu, na viatu vilivyokwisha kuvaliwa nyumbani vikazoea mguu, vyenye nyayo zisizoteleza, maana majani yaliyoroa huteleza kama ganda la ndizi.

Mkoba wa mkononi ndio mzigo ulio muhimu kuliko yote. Siku ya kupanda meli, masanduku huchukuliwa na wapagazi gatini na huenda yasifike chumbani mpaka jioni. Basi ndani ya mkoba huo zitiwe pasipoti na viza, fedha, miwani, nguo za kubadili, msala, na dawa zote. Dada yetu alibeba insulini yake mkononi tangu nyumbani, wala hatukuitia katika mizigo ya chini ya ndege, ambako huweza kuganda ikaharibika. Kila dawa ilikuwa katika chupa yake pamoja na cheti cha daktari, na tende chache zilikuwa karibu naye kwa saa ambayo sukari huenda ikashuka. Melini tuliuliza mapema juu ya jokofu la chumbani na chombo cha kutupia sindano, tukapewa.

Visivyofaa kuchukuliwa ni pasi na jiko la umeme, kwani meli huviogopa kwa ajili ya moto na huvizuia. Kadhalika matunda mabichi na nyama: si ruhusa kuvishusha pwani za huko, hata liwe embe moja la shambani kwako. Mwenye kuumwa na bahari achague chumba cha katikati ya meli na cha chini, ambako mtikisiko ni mdogo, na awe na tangawizi pamoja na vidonge vyake. Na sote tuoshe mikono kwa maji na sabuni kabla ya kula, kwani maradhi ya kuharisha na kutapika huenea upesi melini, na ile dawa ya kupaka mikononi peke yake haiyatoshelezi.

SALA NA CHAKULA

Sisi tuliozoea kuelekea kaskazini tuliona ajabu kidogo, kwani huko kibla ni upande wa kaskazini-mashariki. Meli nayo hugeuka, basi dira ndogo ni bora kuliko kukisia. Msafiri ameruhusiwa kupunguza sala na kuzikusanya, na asiyeweza kusimama kwa mawimbi husali hali amekaa. Chakula tuliandika kuomba halali miezi miwili kabla, tukakumbusha tena siku ya kwanza. Siku ilipopatikana shaka katika nyama, tulikula samaki na mboga, baada ya kuuliza kama mchuzi umetiwa divai. Na pwani zile zina kamba wakubwa wenye magando ambao kwa madhehebu yetu ya Shafii hawana neno.

Katika meli mna ulevi na kamari pia, hatutaficha. Lakini mna maktaba, na sitaha pana, na alfajiri isiyo na kelele. Mtu huenda apendapo.

BANDARI

Bar Harbor, katika jimbo la Maine, ni mji mdogo chini ya mlima Cadillac wenye urefu wa mita 466. Wenyeji wake walipiga kura mwaka 2022 kupunguza abiria wa meli washukao hadi 1,000 kwa siku, kwa hiyo ratiba za huko hubadilika. Huko meli kubwa hutia nanga mbali, na watu hushushwa kwa mashua. Dada yetu aliitazama ile ngazi ikipanda na kushuka kwa mawimbi, akasema, "Nendeni, mimi nakaa." Binti yetu akakataa kumwacha. Walikaa wawili sitahani chini ya blanketi moja tangu asubuhi hadi alasiri, wakielezana habari za miaka tisa, na milima myekundu iko mbele yao. Tuliporudi tukamkuta binti yetu amemlalia pajani kama alipokuwa mdogo. Basi anayepanga safari na wazee asiwahimize kushuka kila bandari. Siku ya kubaki nayo ni siku.

Saint John imo katika Ghuba ya Fundy, ambako maji hujaa na kupwa kupita pote duniani. Bamvua letu likifika mita 4 twaona bahari imejaa. Ndani kabisa ya ghuba hiyo hufika mita 16. Pale mjini, bahari ikijaa, mto hurudishwa nyuma ukaenda kinyume. Tahadhari kubwa ya hapa ni saa: Saint John na Halifax hutangulia Boston kwa saa moja, na meli huenda isibadilishe saa yake. Kila ushukapo, uliza saa ya meli ni ngapi, na urudi nusu saa kabla ya kuambiwa. Tulimwona mtu na mkewe wamesimama gatini na vifurushi vyao, na meli imekwisha kuachana na gati.

Halifax ni mji wenye huzuni na ukarimu. Asubuhi ya tarehe 6 Desemba 1917 meli mbili, Mont-Blanc iliyosheheni baruti na Imo, ziligongana bandarini, na mlipuko ukaua watu wapatao 2,000. Huko pia walizikwa 150 katika maiti wa meli ya Titanic iliyozama mwaka 1912. Na lipo gati namba 21 ambako tangu mwaka 1928 hadi 1971 walishuka karibu wageni milioni moja waliokwenda kuhamia Kanada; sasa ni jumba la makumbusho. Mkwe wetu, ambaye naye ni mhamiaji, alikaa humo muda mrefu kuliko sisi sote.

Québec, mwisho wa safari, iliasisiwa na Mfaransa Samuel de Champlain mwaka 1608, na mji wake mkongwe umo katika urithi wa dunia tangu mwaka 1985. Wakazi wake husema Kifaransa. Mji u juu na chini, na baina yake mna ngazi nyingi; mwenye magoti mabovu apande kigari cha kamba cha mlimani. Tuliposhuka na mizigo yetu tulikodi gari mpaka msikiti wa Sainte-Foy, ambako tarehe 29 Januari 2017 waumini sita waliuawa kwa risasi walipokuwa wamekwenda kwa sala ya usiku. Tulisali adhuhuri pamoja na wenyeji, tukawaombea waliotangulia. Dada yetu alipewa kiti safu ya mbele ya wanawake, na mama mmoja asiyejua Kiswahili akamshika mkono mpaka tulipoondoka.

Huo ndio mpango wetu na hayo ndiyo matumizi yake. Mwenye wazee na uwezo, asingoje mpaka magoti yakatae kabisa. Aanze na viza, kisha daktari, kisha hesabu ya fedha, na sanduku liwe la mwisho. Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuwafikisha.