Jina ambalo hatukulisoma

Mwisho wa Oktoba, mafrateri tunaotumwa vigangoni hupewa kazi ileile kila mwaka: kukusanya bahasha za marehemu na kunakili majina yaliyomo, ili yasomwe Novemba 2 na orodha ikae mbele ya altare mwezi mzima. Mwaka jana tulikuwa watatu, katika kigango kimoja wilayani Muleba, na bahasha zilijaa ndoo. Bahasha moja huweza kubeba ukoo mzima kuanzia babu wa babu, na mwandiko wa bibi zetu wengine unahitaji frateri mwenye karama ya kufasiri lugha.

Katikati ya bahasha hizo tulikuta moja yenye jina moja tu. Lilikuwa jina la Kiislamu, la kwake na la baba yake. Chini yake paliandikwa kwa kalamu ya wino: Askari, Lukaya, 1979. Ndani kulikuwa na noti ya shilingi 5,000 iliyokunjwa vizuri.

Tulibishana. Mmoja wetu alisema huenda bahasha ilipotea njia. Mwingine akasema waamini watashangaa, na wapo wa kigango kile wasiochelewa kupiga simu parokiani. Wa tatu akauliza kama inaruhusiwa. Tukaiweka pembeni ili tumwulize paroko, na hatukumwuliza. Tungependa kuandika kwamba tulisahau, lakini haikuwa hivyo. Tuliona ni rahisi zaidi kunyamaza. Tulijifariji kwamba katika sala ya waamini tumeweka ombi la kuwakumbuka wote waliokufa wakiitetea nchi yetu, na huyo naye yumo humo.

Novemba 3 asubuhi, mzee mmoja alitukuta nje ya kanisa tukipanga mabenchi. Alikuwa amevaa koti zito na ameshika kofia mkononi.

"Tumsifu Yesu Kristu, mafrateri."

"Milele amina, mzee. Shikamoo."

"Marahaba, wanangu. Jana nimesikiliza mpaka mwisho. Mwenzangu hamkumsoma."

Hakuna aliyepata jibu. Mzee aliketi kwenye benchi, nasi tukaketi. Yafuatayo ametuambia pale, wala hakuwa anaungama, na baadaye ametupa ruhusa tuyaandike, kwa sharti moja tu: tusiandike majina. La kwake halina maana, alisema, na la mwenzake ni la kusomwa kanisani, si la kuwekwa kwenye mtandao.

Wasomaji wetu wa Kagera hawahitaji kusimuliwa vita ile. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuikalia nchi yote ya kaskazini ya mto Kagera, na daraja la Kyaka likalipuliwa. Mwanzoni mwa Novemba Mwalimu Nyerere akalitangazia taifa kwamba tunao uwezo, tunayo sababu, na tunayo nia. Darasani tuliwahi kuandika insha juu ya hotuba hiyo. Mtakatifu Thoma wa Akwino anadai mambo matatu ili vita viwe vya haki: mamlaka halali, sababu ya haki na nia njema. Tulifurahi kuona sababu na nia zimo kwa wote wawili, tukapata alama nzuri. Katika insha ile yote hakuna askari hata mmoja aliyekufa.

Mzee alikuwa na miaka 20, mgambo wa kijijini, alipoingizwa jeshini. Mwenzake alitoka Kilwa, mkubwa kwake kwa miaka miwili. Walipewa blanketi moja. Yule wa pwani hakuwahi kuona senene, na ulikuwa ndio msimu wao. Mara ya kwanza alipokaribishwa alisema watu wa Bukoba wana njaa ya ajabu. Baada ya wiki mbili akawa yeye ndiye anayewakimbilia kwenye taa. Mzee alicheka sana kulikumbuka hilo, akafuta macho, akaendelea kucheka. Usiku mmoja aliswali na mwingine alishika rozari chini ya blanketi hilohilo, na asubuhi kila mmoja alimlaumu mwenzake kwa kunong'ona mpaka usingizi ukapotea.

Walivuka Mutukula, wakafika Masaka. Machi 10, 1979, walikuwa Lukaya, mahali ambapo barabara ya kwenda Kampala inapita katikati ya kinamasi. Brigedi yao, ya 201, ilikuwa na mgambo wengi ambao hawakuwahi kukutana na mapigano makali. Upande wa pili walikuwepo na askari wa Libya waliotumwa na Gaddafi kumsaidia Amin. Makombora yalipoanza kuanguka, watu wakatawanyika.

"Yeye alipigwa mguuni na ubavuni," mzee alisema. "Aliniita. Aliniita kwa jina, mara mbili. Mimi nikakimbia."

Alikaa ndani ya matete usiku kucha, maji yakiwa kifuani. Kesho yake jeshi letu lilirudi likashinda, na Lukaya ikatekwa. Akamtafuta mwenzake, akamkuta si pale alipomwacha. Alikuwa amejivuta kwa mikono hatua kama 30 kuelekea upande ule mzee alikokimbilia.

Mzee haelezi zaidi ya hapo. Alisema tu kwamba mwenzake amezikwa Kaboya, kwenye makaburi ya mashujaa, si mbali na kigango kile, na kwamba akiwa na nguvu huenda Julai 25. Sherehe zile anazipenda, mizinga na mashada na viongozi. "Lakini pale wanasema mashujaa," alituambia. "Yeye hakuitwa shujaa. Alikuwa na jina, kama mimi nilivyokuwa na jina aliloniita." Tangu 1979 hajakosa kuliandika Novemba. Maparoko wamebadilika, na kila mmoja amelisoma.

Sisi tumesoma Boethius. Tunaweza kusema hata tukiamshwa usiku kwamba mtu ni dutu moja, ya pekee, yenye asili ya akili. Tumejibu maswali juu ya neno hilo, ya pekee, tukitofautisha na kile kinachosemwa kwa wote. Na ilipokuja bahasha yenye mtu mmoja tukamtia ndani ya "wote waliokufa", tukaona tumemtendea wema. Tulikuwa na maana nyingine pia: tulitaka asionekane.

Jioni tulikwenda kwa paroko. Tulitarajia kukaripiwa, naye hakutukaripia, jambo ambalo lilikuwa gumu zaidi. Alifungua Sheria ya Kanisa, kanuni ya 901, akatupa tusome wenyewe: padre anaweza kutolea Misa kwa ajili ya mtu yeyote, mzima au marehemu. Kisha akauliza nani anakumbuka Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, sura ya 12. Sote tulikumbuka, maana husomwa kwenye Misa za wafu. Yuda Makabayo anachanga fedha, drakma 2,000, ipelekwe Yerusalemu itolewe sadaka kwa ajili ya askari wake waliouawa.

"Na walikutwa na nini chini ya nguo zao?" paroko akauliza.

Hirizi za sanamu za Yamnia. Tulikuwa tumekisoma kifungu hicho mara nyingi bila kusimama hapo. Wenzao waliona walivyokufa navyo, wakachanga hivyohivyo. Paroko aliongeza kwamba hata Misa tatu ambazo kila padre anaruhusiwa kuadhimisha Novemba 2 tulizipata kwa sababu ya vita: Papa Benedikto XV alitoa ruhusa hiyo mwaka 1915, Ulaya ikizika vijana wasiohesabika. Halafu akatuambia tukale.

Dominika iliyofuata jina lilisomwa. Hakuna aliyegeuka ila bibi mmoja kwenye benchi la nyuma, naye aligeuka kumtazama mzee, akaitikia kwa kichwa. Labda amelisikia kila Novemba tangu akiwa binti. Hakuna aliyepiga simu parokiani. Mzee alibaki amepiga magoti mpaka tangazo la mwisho.

Baada ya Misa alitujia na senene waliokaangwa, wamefungwa kwenye jani la mgomba. Tulimwomba msamaha. Alisema tumekwisha kumsoma, basi. Kisha akauliza mwakani tutakuwa wapi. Tukamwambia ukweli, kwamba mafrateri huhamishwa, huenda wasije wale wale. Alifikiri kidogo. Akauliza kama kuna kitabu kisichotupwa mwezi ukiisha.

Tukamwomba paroko daftari kubwa la kigango, na kwenye ukurasa wa nia za kudumu tukaandika jina lile, tarehe na mahali. Mzee alitoa miwani mfukoni, akasoma herufi moja moja kwa kidole, akatuonyesha tulipokosea jina la baba yake. Tukafuta, tukaandika upya.