Sarafu Iliyochakaa na Thamani Yake: Ziara ya Kilwa Kisiwani

Kutoka Kilwa Masoko tulivuka kwa mashua, na kabla ya nusu saa kutimia tukawa tumekanyaga Kilwa Kisiwani. Ibn Battuta alifika hapa mwaka 1331, katika zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Wageni wengi huja kuyatazama magofu ya Gereza, Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa. Sisi, tuliofuatana na watoto wetu, tulipenda pia wakifahamu kitu kidogo zaidi: sarafu za shaba za masultani wa mji huu.

Sarafu hizo ni nyembamba na ndogo. Katika nyingi, upande mmoja umeandikwa jina la Sultani kwa herufi za Kiarabu, na upande wa pili maneno ya kumtukuza Mwenyezi Mungu. Pande hizo mbili huitikiana kwa vina. Mwaka haukuandikwa. Kwa hiyo jina ndilo ushahidi mkuu, na uzito wa kila kasoro hupimwa kwa kuuliza: je, imeondoa nini?

Zipo kasoro za tangu kuzaliwa kwa sarafu: chapa haikukaa katikati, jina likakatika, au ukingo ukapasuka. Zipo za matumizi: herufi zimelika kwa kupita mikononi mwa watu, au sarafu imetobolewa ili ivaliwe kama pambo. Kwa mnunuzi, tundu au mkwaruzo hushusha bei, ila pale sarafu inapokuwa adimu sana. Kwa mwanahistoria, tundu lile lile ni habari: linaeleza kwamba fedha iligeuzwa kipambo.

Kasoro inayosikitisha zaidi ni ile inayofanywa leo kwa nia njema. Mtu huokota sarafu yenye rangi ya kijani, akaisugua kwa mchanga au kwa ndimu mpaka ing'ae. Utando ule mgumu wa kijani mara nyingi huwa ndio ulioshika umbo la herufi; ukiondoka, jina la Sultani huondoka nao. Ukionekana ungaunga wa kijani hafifu, huo ni ugonjwa mwingine: chumvi inaendelea kuila shaba. Tiba yake ni kazi ya wataalamu wa makumbusho, wala si ya jikoni.

Hata hivyo, iko kasoro isiyoonekana kwa jicho, nayo ni kupotea kwa habari ya mahali sarafu ilipotoka. Sarafu moja ya shaba ya al-Hasan bin Sulaiman ilipatikana katika magofu ya Zimbabwe Kuu. Sokoni isingeleta fedha nyingi. Lakini kwa kuwa mahali ilipopatikana panajulikana, imekuwa shahidi wa mawasiliano kati ya pwani yetu na nchi ya dhahabu. Ingeuzwa kimya kimya, leo ingekuwa kipande cha shaba tu.

Ndugu wasomaji, dini yetu inamtaka muuzaji aidhihirishe aibu ya bidhaa yake. Anayeijaza nyufa sarafu au kuipaka rangi ili ionekane nzima amemdanganya mnunuzi. Na anayeichukua kutoka ardhini na kuificha ameudhulumu umma, kwani Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inazilinda kumbukumbu hizi na inazuia kuzitoa nchini bila kibali.

Basi tuwafundishe watoto wetu mambo matatu: wakiiona sarafu ya kale wasiisugue, waikumbuke sehemu ilipokuwa, na wamjulishe mlinzi wa mambo ya kale aliye karibu. Sarafu iliyolika, ambayo bado ina herufi tatu za jina na mahali pake pajulikanapo, ina mengi ya kutuambia kuliko ile inayong'aa bila neno hata moja.