Mizizi Haipigi Kelele

Wasee, tuseme ukweli. Vijana wengi Wakatoliki hapa Naivasha wanasema Misa imepoa. Padre akianza kuhubiri, simu zinatoka mfukoni. Wengine wamehamia makanisa yenye bendi na kesha za moto moto. Siwalaumu, lakini kabla hujahama, sikia homilia hii moja.

Ilikuwa Jumapili, tarehe 16 Juni 2024. Injili ilitoka Marko sura ya 4: mtu anapanda mbegu, analala, anaamka, na mbegu inamea bila yeye kuelewa imemeaje. Padre hakuanza na siasa wala harambee. Aliuliza tu, nani hapa anafanya kazi shamba la maua? Mikono ikawa mingi. Akauliza tena, kuna mtu amewahi kuvuta waridi kwa mkono ndio lirefuke haraka? Watu wakacheka. Hapo akatushika.

Akasema kukua kiroho ni hivyo hivyo. Maji utaweka, magugu utang'oa, lakini anayekuza ni Mungu. Ukisali na usisikie chochote, si ati imani imekufa. Mizizi haipigi kelele. Halafu akageuza upande wa pili, tusije tukapata kisingizio: huyo mkulima alilala, sawa, lakini alikuwa amepanda kwanza. Wewe wiki hii umepanda nini? Akarudi kuketi. Kanisa kimya.

Siku nne kabla ya hapo, tarehe 12 Juni, Papa Fransisko alikuwa amesema huko Vatikani kwamba homilia isipite dakika 8, na iwe na picha, wazo na hisia. Yetu ilikuwa na zote. Picha ni waridi, wazo ni kwamba Mungu ndiye anayekuza, na hisia, kwangu mimi, ilikuwa afueni.

Kwa sababu sisi tunapima kila kitu. Tunahesabu wafuasi, tunahesabu komenti, na sasa tunapima hata imani: nililia kwa kesha ama sikulia? Ndio maana mtu anachoka, anaacha kusali kabisa. Homilia hii ilitutua huo mzigo bila kuturuhusu kuzembea.

Kwa hivyo panda kitu kimoja leo, hata dakika 5 za sala kabla ya kushika simu, kisha ulale. Na padre wako akihubiri vizuri, mngoje nje umwambie. Lawama anapata za kutosha.