Kutoka Kiwanja cha Ndege cha Tanga Mpaka Pwani ya Ushongo

Jamaa wengi wa Handeni na Korogwe huuliza habari za Ushongo, ile pwani ya Pangani yenye minazi, mchanga mweupe na hoteli za wageni. Mtu ana nduguye arudiye kutoka Maskati, atashuka Tanga kwa ndege ndogo itokayo Dar es Salaam au Unguja, naye ataka watoto waione bahari kabla hajapanda bara. Vijana wetu hudhani kuwa pwani ile ni ya Wazungu na matajiri. Dhana hiyo haina msingi, na njia yenyewe yatosha kuikanusha.

Kiwanja cha Tanga kiko nje kidogo ya mji, karibu na barabara kuu iendayo Muheza na Segera. Mwenye kukodi teksi apatane nauli kabla mizigo haijapakiwa, kwani ikishapakiwa mwenye gari ndiye mwenye kauli. Asiye na haraka aende stendi akapande basi la Pangani. Na wale wa Korogwe wasio na mgeni wa kumlaki hawana haja ya kufika Tanga. Muheza iko njia iteremkayo moja kwa moja hata Pangani, ila wakati wa masika iulizie kwanza.

Toka Tanga hata Pangani ni kiasi cha kilomita 50. (Aliyetoka Handeni ni msafiri wa kupunguza sala, aliyetoka Tanga tu, masafa hayo hayamfikishi.) Msipite Tongoni bila ya kushuka. Pana magofu ya msikiti wa kale na makaburi ya kale yapatayo 40, mengine ya nguzo, na katika mafungu ya bahari ya jirani Vasco da Gama aliichoma moto jahazi yake mwenyewe, São Rafael, mwezi wa Januari 1499, kwa kuwa mabaharia wake walikuwa wamepungua kwa maradhi.

Mji wa Pangani uko mlangoni mwa mto. Ndipo aliponyongwa Abushiri bin Salim tarehe 15 Desemba 1889, baada ya kupigana na Wajerumani tangu mwaka uliotangulia. Kuvuka kwenda Bweni kwa miaka mingi kulikuwa kwa pantoni, na katika miaka hii ya karibuni limeanza kujengwa daraja la mita 525. Ng'ambo ya pili, Ushongo ni mwendo wa kilomita 16 hivi.

Sasa mtu wa Korogwe na atazame maji anayoyavuka. Ni yale yale yapitayo mjini kwake, yatokayo Kilimanjaro na Meru. Na mkonge uliowalisha wazee wake, huko Ngombezi na Hale, ulianza kupandwa Kikogwe, upande huu wa kusini wa mto, mwaka 1893, kwa miche 62 iliyosalimika safarini kutoka Florida. Mtu wa Handeni naye atasikia Kizigua kikisemwa katika vijiji vya huku kama nyumbani kwake. Ni wapi basi ugeni wetu?

Tena iko haki ya jirani ndani ya jambo hili. Maji matamu yateremkayo yamepungua, kwa mabwawa na kwa mifereji ya mashamba ya juu, na chumvi ya bahari imepanda mtoni ikadhuru mashamba na maji ya kunywa ya watu wa Pangani. Sisi tulio juu twayatumia kwanza. Wao hupata masazo. Mzazi amwonyeshe mwanawe hayo pale kivukoni, kabla hajamnunulia madafu.

Mbele ya Ushongo kiko kisiwa cha Maziwe, kilichohifadhiwa tangu 1975. Zamani kilikuwa na mivinje, na kasa wakitaga huko kwa wingi. Miti ikaisha, mawimbi yakakila, na leo ni fungu la mchanga tu ambalo maji makuu hulifunika lote. Kwa hiyo mwenye kutaka kwenda na watoto amwulize nahodha saa ya maji kupwa, asiweke miadi kwa saa ya mkononi.