Frisco, mji wa michezo uliogawanywa na kisu kimoja

Ikiwa una ndugu au shemeji anayeishi Dallas, jimbo la Texas nchini Marekani, basi huenda siku moja ukaalikwa kumtembelea. Wakenya wako wengi upande huo, na ukimuuliza jamaa yako ni wapi hasa anapoishi, usishangae akikutajia mji ambao hujawahi kuusikia. Leo, mpenzi msomaji, nakuchukua hadi katika mmoja wa miji hiyo. Jina lake ni Frisco.

Utatua katika uwanja wa ndege wa Dallas Fort Worth, uwanja mkubwa ajabu ambao eneo lake linakishinda kisiwa kizima cha Manhattan kule New York. Kutoka hapo utaelekea kaskazini kwa gari, mwendo wa dakika 40 hivi barabara ikiwa nzuri. Usitafute matatu. Usitafute basi wala. Mtu asiye na gari Frisco ni sawa na mvuvi asiye na mtumbwi. Barabara kuu inayoingia mjini ni ya kulipia, na hakuna mtu wa kukupokea pesa: kamera huipiga picha nambari ya gari lako, bili ikakufuata nyumbani.

Nchi yenyewe ni tambarare kama meza. Hapana kilima, hapana bonde la kutuliza macho. Zamani hapa palikuwa pa ng'ombe. Wachungaji walipitisha makundi kutoka Texas kuelekea masoko ya kaskazini, na barabara iitwayo Preston Road inafuata njia ile ile ya mifugo. Kisha mnamo 1902 ikaja reli, na mji ukapewa jina kutokana na kampuni ya reli iliyoitwa kwa mkato Frisco. Kwa hiyo ni mtoto wa reli, kama vile Nairobi yetu, ingawa Nairobi ilikua mapema na Frisco ililala usingizi karibu karne nzima.

Ilipoamka, iliamka kwa kishindo. Mwaka wa 2000 ilikuwa na watu 33,000 na ushei. Kufikia hesabu ya 2020 walikuwa wamepita 200,000. Mashamba yaligeuka mitaa ya nyumba za matofali, kila moja na gereji ya magari mawili au matatu. Walikuja Wamarekani weupe na weusi, wakaja Wahindi kwa maelfu, kiasi kwamba hekalu la Kihindu lililoko hapo ni miongoni mwa majengo ya kutazamwa. Na karibu kila mzazi ukimuuliza ni kwa nini alihamia hapa, jibu ni moja: shule.

Hapo ndipo penye utamu wa mji huu. Hadi 2003 Frisco nzima ilikuwa na shule moja tu ya upili ya serikali. Leo wilaya yake ya elimu ina 12. Badala ya kujenga shule chache za wanafunzi wengi mno, wakuu wa elimu waliamua kujenga nyingi za kadiri, ili kila mtoto apate nafasi ya kuchezea timu ya shule yake. Fikiria jambo hilo kidogo. Mji umepanga majengo yake kwa kuhesabu nafasi katika timu.

Naam, Frisco hujiita mji wa michezo, na haijigambi bure. Klabu ya soka ya FC Dallas ina uwanja hapo tangu 2005. Makao makuu ya Dallas Cowboys, timu ya futiboli ya Kimarekani ambayo mashabiki wake hawahesabiki, yalihamia Frisco 2016, na ukumbi wake wa watu 12,000 hutumiwa pia na wanafunzi wa shule za upili kwa mechi zao. Ukitaka kujua jinsi Texas inavyouthamini mchezo wa shule, nenda jirani mji wa Allen ukaone uwanja wa shule ya upili uliofunguliwa 2012 kwa gharama ya dola milioni 60, wenye viti 18,000. (Miaka miwili baadaye ulifungwa kwa muda kwa sababu saruji yake ilipata nyufa. Ukandarasi mbovu, kumbe, si wetu peke yetu.)

Hata sisi wa Afrika Mashariki tuna deni kwa michezo ya Texas. Chuo kikuu cha El Paso, mbali kabisa upande wa magharibi wa jimbo hilo, ndicho kilichowapokea akina Michael Musyoki wa Kenya na Suleiman Nyambui wa Tanzania kwa sababu ya mbio zao. Kwa wengi wa kizazi hicho, riadha ndiyo iliyokuwa tikiti ya ndege.

Basi sasa nikupeleke mahali ambapo sivyo wageni wanavyopelekwa. Ni uwanja wa Kuykendall, wa wilaya ya elimu ya Frisco. Kwa macho hauna la ajabu: majukwaa ya chuma, nyasi, na njia ya kukimbilia inayoizunguka. Mnamo Jumatano, Aprili 2, 2025, shule kadhaa zilikutana hapo kwa mashindano ya riadha ya wilaya. Hali ya anga ilikuwa mbaya, ya mvua mvua, na kila shule ilikuwa imesimamisha hema lake majukwaani ili wanariadha wajikinge. Wewe uliyewahi kwenda mashindano ya shule unayajua mahema hayo, na mifuko iliyorundikwa, na mkubwa wa timu anayewafukuza wasiohusika.

Kwa mujibu wa hati ya polisi, asubuhi hiyo mwanafunzi wa shule ya upili ya Centennial alikuwa ameketi chini ya hema la shule ya Memorial. Aliambiwa aondoke. Wakajibizana. Mwanafunzi mmoja wa Memorial alimgusa, au alimsukuma, ili atoke. Yule wa Centennial akatoa kisu katika mkoba wake, akamdunga kifuani mara moja, akatimua mbio. Aliyedungwa alikuwa na umri wa miaka 17. Alifia mikononi mwa ndugu yake pacha. Aliyekamatwa naye alikuwa na miaka 17, na aliwaambia polisi kwamba alikuwa akijikinga. Majina yao yalisambaa dunia nzima. Hapa sitayarudia, maana wote wawili walikuwa watoto wa shule.

Mpaka hapo ni msiba wa kawaida wa ujana, kama kuna msiba wa kawaida. Ugomvi wa kiti. Lakini aliyekufa alikuwa mzungu, na aliyekamatwa ni mweusi, na saa chache baadaye Frisco haikuwa na mji tena, ilikuwa na uwanja wa vita wa watu wasiowahi kukanyaga hapo.

Ya kwanza iliyokuja ni pesa. Sisi tunaijua harambee. Ukichanga, unachangia mtu unayemjua, au angalau chifu wako anamjua. Hizi zilikuwa harambee za mtandaoni. Familia ya marehemu ilichangiwa mamia ya maelfu ya dola. Familia ya mshukiwa nayo ikafunguliwa mchango wa kulipia mawakili, ukapita dola 400,000 kabla Aprili kwisha. Wapo waliotoa kwa huruma, sina shaka. Lakini ulipokuwa ukiyasoma maneno yaliyoandikwa na wachangaji wengi wa pande zote mbili, ulielewa kwamba walikuwa wakipiga kura. Dola 10 ilikuwa ngumi. Kila upande ukihesabu kapu la mwenzake na kulitumia kama ushahidi wa uovu wake.

Ya pili ni uongo. Mtu fulani alitunga ripoti ya uchunguzi wa maiti iliyodai kwamba kijana yule hakufa kwa kisu bali kwa dawa za kulevya. Polisi wa Frisco walilazimika kutoka hadharani kusema kwamba ripoti ni ya uongo. Mwingine alifungua akaunti ya bandia kwa jina la mkuu wa polisi na kuanza kutoa matamshi ya kichochezi. Hebu fikiria uko Nairobi, shangazi yako aliye Dallas amekutumia habari hiyo kwa simu, nawe umeisambaza kwa kikundi cha familia kabla chai haijapoa. Wangapi kati yetu hawakufanya hivyo?

Ya tatu ni vitisho. Mshukiwa alikuwa amewekewa dhamana ya dola milioni moja. Aprili 14 jaji aliipunguza hadi 250,000, kijana akatoka kwa sharti la kukaa nyumbani akiwa na kifaa cha kielektroniki mguuni. Jaji huyo, mwanamke mweusi, anwani yake ilianikwa mitandaoni akatishiwa. Familia ya mshukiwa ikatishiwa. Familia ya marehemu nayo, ambayo ungetarajia iachwe ilie, ilipigiwa polisi simu za uongo ili waende na bunduki nyumbani kwake. Ukatili wa namna hii una ladha gani kwa anayeutenda, mimi sijui.

Si kwamba suala la rangi lilizuka hewani. Mji wa McKinney, jirani wa karibu kabisa, uliwahi kujulikana kote 2015 polisi mzungu alipompiga mweleka msichana mweusi aliyevalia vazi la kuogelea; afisa huyo alijiuzulu. Watu weusi wa wilaya ya Collin hawakuanza kuhofia mahakama jana, na hofu yao ina msingi. Lakini msingi wa hofu ni jambo moja, na kumfanya kijana ambaye kesi yake haikuwa imesikizwa kuwa shujaa ni jambo lingine. Vivyo hivyo kulilia mtoto wa mwenzako ni jambo moja, na kumgeuza maiti yake kuwa bendera ya ubaguzi ni lingine. Nilivyoona mimi, watu walikataa tu kuamini kwamba mtoto anaweza kufa kwa sababu ya kiti chini ya hema. Sababu ilikuwa ndogo mno kwa msiba mkubwa namna hiyo, wakaenda kuitafuta kubwa.

Wazazi wa Frisco wenyewe, ambao ndio waliopaswa kusikizwa, walikuwa na maswali ya chini kwa chini. Kisu kiliingiaje? Nani hukagua mifuko asubuhi ya riadha, ambapo kila mtoto ana mkoba wa viatu na chakula? Je, mwalimu alikuwa wapi? Maswali kama haya hayachangiwi pesa. Hata yule mwendesha mashtaka aliyeeleza sheria alishambuliwa: alisema hukumu ya kifo haiwezekani, kwa sababu Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua 2005 kwamba asiwe wa kunyongwa aliyetenda kosa akiwa chini ya miaka 18. Wengi hawakutaka kusikia. Texas humshtaki kijana wa miaka 17 kama mtu mzima, wakasema, basi na auawe kama mtu mzima. Juni mwaka huo jopo la raia liliona kuna kesi ya mauaji ya kujibu, kesi ikapangiwa Juni 2026, na mahakama ikawaamuru wahusika wafunge midomo yao. Kwa waliokuwa wamekwisha kuhukumu tangu Aprili 2, amri hiyo ilikuwa kama kufunga zizi ng'ombe wakiwa barabarani.

Aliyenigusa zaidi katika mkasa wote ni baba wa marehemu. Siku za kwanza kabisa alisema amemsamehe kijana yule, na akaomba jambo hili lisifanywe la rangi wala la siasa. Si kwamba alikuwa malaika. Aprili 17, mama wa mshukiwa alipokutana na wanahabari mjini Dallas kukana mengi yaliyosemwa juu ya familia yake, baba huyo alijitokeza bila kualikwa na polisi wakamtoa nje. Wako waliomcheka, wako waliomlaani. Mzazi aliyefiwa na mtoto wiki mbili zilizopita hana ramani ya mahali pa kwenda.

Siku mbili baadaye, Aprili 19, mtu wa siasa kutoka nje aliitisha maandamano mbele ya uwanja ule ule wa Kuykendall, kwa jina la kuwatetea wazungu. Alikuwa mmoja wa walioshtakiwa kwa uvamizi wa bunge la Marekani wa Januari 6, 2021, akasamehewa 2025. Alitarajia baraka za familia, akazungumza na baba kwa simu na sauti ikasikika mbele ya waliokusanyika. Baba hakumpa baraka. Alimwambia kwamba anachofanya ni kupanua ufa kati ya weupe na weusi, badala ya kuuziba. Maandamano yakaendelea hata hivyo, kwa kipaza sauti, nje ya lango la uwanja wa watoto.