Makovu Yaongozayo Moyo



Katika kwaya yetu tunaye kijana ambaye hupumzika mara mbili kabla ya kumaliza ngazi za kanisa. Wamekuwapo waliosema amelogwa. Wengine, kwa nia njema, wamemshauri aache dawa na kutegemea sala peke yake. Kwa ruhusa yake tunaandika juu ya ugonjwa huo.

Moyo wenye afya huongozwa na kituo kidogo kilichomo katika chumba chake cha juu cha kuume. Humo huanza umeme hafifu, ukaenea katika vyumba vya juu, kisha ukashuka chini, nao moyo hupiga kwa utaratibu. Ugonjwa huu ukiingia, mikondo ya umeme huzunguka ovyo, na vyumba vya juu hutetemeka zaidi ya mara 300 kwa dakika pasipo kusukuma damu ipasavyo. Damu ikituama huganda. Bonge likifika ubongoni, huleta kiharusi. Mchawi hayumo. Kwa mwenzetu yote yalianzia kooni: koo lililouma utotoni bila kutibiwa, kisha homa ya baridi yabisi, kisha vali ya moyo iliyokakamaa. Penisilini ya wakati ule ingetosha. (Wenye wadogo nyumbani wasome mstari huo mara mbili.)

Tarehe 25 Septemba 1987, katika mji wa St. Louis, Marekani, daktari mpasuaji James Cox alivikata vyumba vya juu vya moyo wa mgonjwa kwa mistari iliyopangwa, kisha akaishona. Hakuwa akiondoa uvimbe. Alichokitafuta ni kovu lenyewe, maana kovu halipitishi umeme. Mistari ile ikipona huwa kuta: mkondo unaozunguka hugonga ukuta na kuzimika, na umeme halali hufuata njia iliyoachwa wazi, yenye vichochoro vya pembeni, hata nyama yote ikafikiwa. Ndiyo sababu upasuaji huo uliitwa mzingile. Siku hizi, badala ya kisu, mara nyingi makovu hufanywa kwa joto la mawimbi ya redio au kwa baridi kali, hasa kifua kinapofunguliwa kwa ajili ya kutengeneza vali. Si wote wanaopona, na wengine hubaki wakihitaji kifaa cha kuuongoza moyo.

Sisi tuliozoea kufundisha habari za Tomaso hatuwezi kusoma hayo bila kutulia kidogo. Mfufuka alikuja na majeraha yake, akayaonyesha, na kwa hayo mwenye shaka akapata njia. Tusivute mfano kupita kiasi: daktari si mkombozi. Hata hivyo tumefundishwa tangu utoto kuona kovu kama hasara, na hapa kovu lafanya kazi ambayo nyama nzima ilishindwa kuifanya.

Wanaotenganisha sala na dawa wafungue Yoshua bin Sira, sura ya 38, waone mganga anavyoheshimiwa humo.

Mwenzetu hajapata upasuaji. Uko mbali na gharama yake ni kubwa. Kwa sasa anameza dawa ya kuzuia damu isigande, nayo yadai kupimwa damu mara kwa mara, maana ikizidi humtoa damu, ikipungua haimlindi. Jumanne ijayo atakwenda kupimwa. Anatafuta mtu wa kumsindikiza.