Jioni Moja Forodhani

Tulipostaafu ualimu, mimi na mume wangu tulianza kudunduliza senti za kwenda Unguja kumwona wifi. Kila wiki tuliweka kidogo katika kopo la maziwa, mpaka nauli ya boti ikatimia.

Jumapili tulisali naye Mkunazini, katika kanisa lililoanza kujengwa mwaka 1873 mahali palipokuwa na soko la watumwa. Jioni akatupeleka Forodhani. Tulikaa ukutani tukiwatazama vijana wakijirusha baharini, tukanywa juisi ya muwa yenye ndimu na tangawizi. Tulipotaka kulipa, wifi alikataa. "Leo nyinyi ni wageni wangu," alisema.

Tulishangaa. Wifi ni mjane, hakuwahi kuajiriwa, na miaka yote sisi ndio tuliomtumia fedha. Akatueleza kwamba mwaka 2016 Serikali ya Zanzibar ilianza kuwalipa wazee wakazi wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi; baadaye zikafika 50,000. "Si nyingi," alisema, "lakini chumvi siombi tena kwa mke wa mwanangu."

Usiku ule tulichelewa kulala. Tuliwakumbuka jirani zetu waliolima maisha yao yote bila pensheni. Siasa tulikuwa tumewaachia vijana, kumbe ndiyo iliyotununulia juisi ile!

Mama msomaji, hata ukistaafu kazi, usistaafu kupiga kura. Na unapompa mkweo fedha, mpe kabla hajaomba.